Fomu imeandika "kalkuleta 1". Ipi? Tathmini ya vifaa vya muhula wa kwanza Kidato cha Tano

Fomu ya kujiunga na Kidato cha Tano hutaja idadi, kuhusu ubora haifungui mdomo. Tranka 1, godoro 1, chandarua 1, kalkuleta 1, ndoo 2 zenye mifuniko. Mzazi akiingia nayo dukani, muuzaji anajua kabisa kuwa bati lolote lenye mfuniko litajibu neno "tranka", na sponji lolote la futi mbili na nusu litajibu neno "godoro". Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, hivyo sehemu kubwa ya hela ya mzazi sasa inamalizikia kwenye vifaa hivi, nauli, na michango iliyoandikwa kwenye fomu. Hapa tunavipima kwa swali moja tu: kitu hiki kitafika Desemba kikiwa bado kinafanya kazi yake? Muhula unaanza Julai, na miezi ya bweni humaliza kitu ambacho nyumbani kingedumu miaka.

Bei hatutaji, maana ya Kariakoo wiki ya kuripoti si ile ya Kariakoo mwezi wa nne. Tranka, kufuli na ndoo havisubiri TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, itoe majina. Vinunue mapema soko likiwa limetulia. Shuka, blanketi na viatu visubiri, kwa sababu shule nyingi zina rangi na aina zake, na kurudisha shuka za pinki ili upewe za bluu bahari ni ugomvi usio na mshindi.

Tuanze na kalkuleta, kwa kuwa ndicho kifaa kidogo kuliko vyote na ndicho kinachokosewa zaidi. Kwa miaka mingi mada ya kwanza ya hisabati ya Kidato cha Tano imekuwa matumizi ya kalkuleta ya kisayansi, na swali la kwanza la mtihani wa taifa wa Advanced Mathematics limekuwa likimtaka mtahiniwa aitumie. Mwalimu anaingia wiki ya kwanza, anaandika mfuatano wa vitufe ubaoni, darasa zima linabonyeza. Mwenye kalkuleta ya mpangilio mwingine anabaki anatafuta kitufe ambacho hana.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huruhusu kalkuleta zisizoprogramiwa. Kwa Casio, ambazo ndizo zimejaa madukani na mikononi mwa walimu, uchaguzi wa kweli ni kati ya tatu. fx-82MS inafanya trigonometria, logarithimu, wastani na mkengeuko sanifu, basi. Haina matriksi, haina milinganyo, haina intigrali. Anayekwenda HGL au HKL (tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu: H ni Historia, G Jiografia, K Kiswahili, L Kiingereza) inamtosha. Hesabu zake nzito ni za takwimu za Jiografia kwa yule wa HGL. fx-991MS ina matriksi, vekta, namba changamano, milinganyo ya hadi herufi tatu zisizojulikana, na intigrali ya kukadiria. fx-991ES PLUS inafanya hayo yote, na juu yake inaandika sehemu na vipeo kama vinavyoandikwa daftarini. Wa PCM, EGM na PGM (P ni Fizikia, C Kemia, E Uchumi, M Hisabati) achukue mojawapo ya hizi mbili za 991. Wa PCB, CBG na HGE (B ni Biolojia), ambao kwa kawaida husoma Basic Applied Mathematics, nao wachukue 991: tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kununua mara mbili mwezi wa tisa.

Kati ya MS na ES, sisi tunaipa ES PLUS. Sababu iko kwenye takwimu. Kwenye MS unaingiza data moja moja kwa kitufe cha M+, na data za swali lililopita zinabaki ndani mpaka uzifute kwa SHIFT, MODE, 1, kisha alama ya sawasawa. Mwanafunzi akisahau, swali la pili linachanganyika na la kwanza, jibu linatoka lenye sura nzuri, na ni kosa. ES inakuonyesha jedwali zima kwenye kioo. Namba ngeni unaiona kabla hujabonyeza chochote. Hoja ya kuichukua MS ni moja tu, nayo si ndogo: kama walimu wa shule husika wanafundishia MS, nunua MS. Ulizia kwa mwanafunzi wa Kidato cha Sita wa shule hiyohiyo.

Toleo jipya la fx-991CW ni zuri lakini tunashauri liachwe dukani kwa sasa. Mpangilio wa vitufe umebadilishwa, menyu zimehamishwa, na kile kitufe cha kugeuza sehemu kuwa desimali hakiko pale kilipozoeleka. Kijana atajikuta anatafsiri kila mstari wa ubaoni peke yake, katika muhula ambao tayari una mambo mapya ya kutosha.

Bandia zimejaa, nyingine na boksi lake kabisa. Mpe kijana mwenyewe azipime pale kaunta. Ana miaka 17 au 18 na ndiye atakayeishi nayo. Kwa ES PLUS, shikilia SHIFT na 7 kwa pamoja kisha bonyeza ON: ya kweli inafungua ukurasa wa kujipima wenye neno DIAGNOSTIC. Ukimaliza bonyeza ON kutoka. Halafu andika 1÷2π bila mabano. Hizi za Casio tulizozitaja zinasoma 2π kama kitu kimoja na kutoa 0.159. Ukipewa 1.57, mashine hiyo inafuata kanuni nyingine, na kila fomula ya Fizikia yenye 2π chini ya mstari itamsaliti asipoweka mabano. Mabano aweke kwa vyovyote. Kipimo hiki ni cha kujua umeshika nini.

Tatizo la pili ni la mpangilio, wala si la ubovu. Bonyeza sin 30. Jibu likiwa 0.5, iko kwenye digrii. Likiwa −0.988, iko kwenye radiani. Likiwa 0.454, iko kwenye Gra (gradi, kipimo kingine cha pembe), mahali ambapo kwa kawaida hafiki mtu ila kwa kidole kilichoteleza. Kurudisha digrii kwenye ES PLUS ni SHIFT, MODE, 3. Kwenye 991MS ni MODE mara nne, kisha 1. Kwenye 82MS ni MODE mara mbili, kisha 1. Na ikivurugika kabisa, ES PLUS hurudi kama mpya kwa SHIFT, 9, 3, alama ya sawasawa. Karatasi yenye mistari hiyo minne ikibandikwa ndani ya kifuniko cha kalkuleta inaokoa alama nyingi kwenye majaribio ya mwezi wa nane. Wakati wa mtihani wa taifa ing'olewe, maana kifuniko chenye maelekezo ni kesi.

Malalamiko mengine yanayofika nyumbani kwamba "kalkuleta imeharibika" ni jibu linalokuja kama √3 juu ya 2 badala ya 0.866. Haijaharibika. Kitufe cha S⇔D kinageuza. Sola iliyo juu ya kioo inasaidiana na betri ndogo ya LR44, kwa hiyo wizi wa betri bwenini si tatizo kubwa kwa 991. Wizi wa kalkuleta nzima ni tatizo. Jina lichongwe kwa ncha ya kompasi ndani ya kifuniko na mgongoni. Wino wa marka hufutwa kwa spiriti kabla ya prepo, masomo ya jioni, kuisha.

Godoro. Vipimo vya bweni ni futi 2.5 kwa 6, na hapa hakuna ubishi. La futi 3 litaning'inia ukingoni na kukatika upande mmoja. Pa kufikiri ni unene. Wazazi wengi wanaona inchi 6 ni upendo zaidi kuliko inchi 4. Lichukue mkononi kwanza. Sponji nzuri ya kulalia ina uzito wa kilo 24 hivi kwa mita moja ya ujazo. Nyepesi ya kudanganyia iko kwenye 16. Kwa godoro la futi 2.5 kwa 6 la inchi 4, la 24 linatoka kama kilo 3.4 bila kava, la 16 kama kilo 2.3. Sasa angalia: godoro la inchi 6 la sponji ya 16 nalo linatoka kilo 3.4. Yaani kwa kiasi kilekile cha sponji unaweza kununua inchi 4 zitakazobaki 4, au inchi 6 za hewa zitakazozama katikati kabla ya likizo fupi, kijana akaanza kulalia chaga. Mizani ya muuza mchele jirani inatosha kwa kipimo hiki. Muuzaji akikataa godoro lipimwe, hilo nalo ni jibu.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua inchi 4. Vitanda vya bweni ni dabo deka, na yule wa juu analindwa asianguke na ukingo wa chuma. Kila inchi unayoongeza kwenye godoro unaipunguza kwenye ukingo.

Kava liwe la zipu inayozunguka pande tatu, siyo lile la kushonwa moja kwa moja. Kunguni wa bweni hujificha kwenye mshono na pembeni. Kava linalovuliwa linafuliwa kwa maji ya moto na mshono unakaguliwa. Kuanika godoro juani peke yake hakuwaui wote, maana jua linapasha upande wa juu na wao wanahamia chini. Lirudipo nyumbani Desemba lisivuke mlango kabla halijakaguliwa nje, pamoja na pembe za tranka.

Usafiri: godoro likikunjwa na kufungwa kamba linaingia buti ya basi, lakini lifunguliwe siku ileile likifika. Kama shule iko karibu na mji wenye maduka, kununulia huko kunaondoa nauli ya mzigo na ugomvi na kondakta. Kwa shule zilizo mbali na mji, nunua mlikotoka.

Tranka ndiyo eneo ambalo fundi mzuri anaonekana. Bati lipimwe kwa geji kama la kuezekea: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Bonyeza katikati ya mfuniko kwa dole gumba. Likitoa mlio wa "tak" na kubonyea, hilo ni jembamba na halitavumilia kukaliwa, na bwenini tranka ni kiti. Mafundi wa Gerezani pale Dar es Salaam wanakutengenezea kwa oda ukitaja geji, na hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko kuchukua lililopangwa barabarani likiwa limepakwa rangi ya kung'aa.

Rangi isikushughulishe. Geuza tranka uone mgongo. Bawaba nyingi ni mrija wenye waya mnene uliopitishwa ndani. Fundi makini huzikunja ncha za waya huku na huku. Fundi mwenye haraka huziacha zimenyooka. Hizo hazihitaji kufuli kuvunjwa: mtu mwenye koleo anavuta waya, anafungua mfuniko kwa nyuma, anachukua sukari na shati, anarudisha waya, na kufuli limebaki limefungwa vilevile. Kijana anaapa alifunga, matroni anaona kufuli liko salama, na lawama zinamrudia mwenye tranka. Ncha zikunjwe mbele ya macho yako.

Komeo lenyewe kwa kawaida limeshikwa na ribiti mbili za alumini, na ribiti hizo hutoka kwa msumari na jiwe. Mwambie fundi aweke kipande cha bati nene kwa ndani, apitishe bolti, nati ikae ndani. Kuchomelea moja kwa moja kwenye bati la geji 30 hutoboa tundu, ndiyo maana wengine wanakwepa. Upande wa kufuli, chukua lenye mwili wa shaba na upinde wa milimita 6 au zaidi, kisha fanya jaribio moja kaunta: toa funguo za kufuli jingine la boksi lilelile na ujaribu kufungulia la kwako. Makufuli ya bei ya chini hufunguana. Ufunguo mmoja abaki nao kijana, wa pili akabidhi kwa matroni au patroni ukiwa na jina, wa tatu ubaki nyumbani. Usiuweke wa akiba ndani ya tranka lenyewe. Inachekesha, lakini hutokea kila Julai.

Tranka liwe refu na fupi kwenda juu, kwa sababu linasukumwa chini ya kitanda.

Chandarua: fomu husema "chandarua", wewe nunua cha pembe nne. Cha duara kinahitaji kitu kimoja cha kuning'inizia juu katikati, na anayelala kitanda cha chini juu yake ana chaga za mwenzake. Cha pembe nne kinafungwa kwenye nguzo za kitanda. Kikiwa cha kutiwa dawa kiwandani, kining'inizwe kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa, na kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua linaua dawa. Kamba nne za mita moja moja zinunuliwe pamoja nacho.

Taa ya kuchaji inategemea betri ya ndani. Zile nzito za bei nafuu zina betri ya risasi; zikiachwa zimeisha chaji wiki mbili, huweza zisishike tena vizuri, na bwenini soketi ni chache, foleni ni ndefu, kwa hiyo wiki mbili hupita. Za lithiamu ni nyepesi na zinastahimili zaidi hali hiyo. Yenye kipande cha sola ni bora kwa shule ambayo umeme si wa uhakika, ila kipande hicho kikiachwa dirishani bila mtu kinapata mwenyewe mpya. Soma fomu kabla ya kununua, maana shule nyingine zina masharti yake kuhusu vifaa vya umeme. Hita ya kuchemshia maji isipakiwe kabisa.

Blanketi wazazi wa Pwani hulidharau. Julai ndiyo baridi yenyewe, na kijana wa Tanga aliyepangiwa Njombe, Makete au Iringa akiwa na blanketi la harusi la kupamba kitanda atalala na soksi na sweta. Nunua zito, na sweta ya ndani isiyo ya sare. Wa Tabora na Dodoma hilohilo zito linamtosha Julai, na kufika Oktoba litakuwa mto.

Ndoo ya lita 20 ya maji na ya lita 10 ya kuogea. Jina lichorwe kwa msumari wa moto, mwilini na kwenye mfuniko pia, maana mfuniko ndio unaopotea kwanza. Kaunta buku za kurasa 288 kwa masomo makuu, za kurasa 192 kwa mengine. Zaidi ya hapo kwa kila somo ni uzito tu, zinapatikana hata kwenye duka la shule. Vitabu vya kiada visomwe kwanza kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), ambako havilipiwi, na maswali ya mitihani iliyopita yako kwenye tovuti ya NECTA. Yachapishwe ya masomo yake matatu na kuwekwa kwenye faili, kwa sababu simu haziruhusiwi na huko hatayapata kirahisi. Katika vyote vilivyomo humu, faili hilo ndilo la bei ndogo kuliko faida yake.

Vya kuacha nyumbani ni vingi kuliko vya kupeleka. Raba ya chapa kubwa, saa ya kung'aa, mafuta ya gharama, jozi tatu za jeans: tranka lililojaa hadi mfuniko unalazimishwa huvunja komeo lenyewe na kuita macho. Sukari, majani na karanga viwe vya wiki tatu hivi. Hela ya matumizi ikabidhiwe kwa matroni, patroni au mhasibu kwa utaratibu wa shule, ikiandikwa, na kijana aelezwe kiasi na kwamba ni ya hadi lini. Wa umri huu akijua kiasi anapanga. Akifichwa, ataomba kila wiki.

Kuhusu maombi. Katika mwezi wa kwanza simu ya shule italeta orodha, na si yote ya kukimbilia. Kalkuleta iliyoibiwa, miwani iliyovunjika, dawa, viatu vilivyoachia: vipelekwe au vitumwe mara moja, maana kila siku inayopita ni somo. Blanketi la pili, begi jipya, "wenzangu wote wana taa kubwa": visubiri siku ya kutembelea. Ombi la kubadili tahasusi baada ya jaribio la kwanza la Fizikia lisijibiwe kwenye simu. Omba kuzungumza na mwalimu wa taaluma, uliza nafasi yake darasani na wastani wa darasa kwenye jaribio lile, kwani alama 28 darasani kwenye wastani wa 25 si habari ileile na 28 kwenye wastani wa 60.

Fomu ya uchunguzi wa afya ishughulikiwe mapema. Inajazwa na daktari wa hospitali ya serikali, ina vipimo vya maabara, na wiki ya mwisho foleni ya wanafunzi inakuwa ndefu. Nakala mbili: moja ya shule, moja ndani ya faili la nyumbani pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na matokeo ya Kidato cha Nne. Picha za pasipoti chukua nane. Shule itaomba kadhaa wakati wa kuripoti, na nyingine zitatakiwa baadaye bila taarifa.

Jioni ya kufunga, kijana apakie mwenyewe, wewe uandike. Orodha mbili zinazofanana: moja ibandikwe ndani ya mfuniko wa tranka kwa gundi, nyingine ibaki nawe, kila kitu na alama yake ya utambulisho, "kalkuleta ES PLUS, jina mgongoni, ndoo ya bluu, jina mfunikoni". Itatumika siku matroni atakapouliza kilichopotea kilikuwaje, na itatumika tena Desemba tranka likifunguliwa uani.